Jiwe Lililoitika

Siku mpima vioo vya picha za nyota alipoiona nukta ile, alikuwa ameomba ruhusa akanyimwa. Bintiye wa miaka saba alikuwa wodini, lakini mkurugenzi wa kituo cha nyota alisema vioo haviwezi kusubiri. Basi saa mbili asubuhi akaketi kwenye kiti chake chenye mguu uliofungwa waya, akafuta lenzi kwa kitambaa, akalinganisha picha mbili za anga zilizopigwa juu ya vioo. Nyota zote zilikuwa mahali pake. Nukta moja ilikuwa imehama upana wa unywele. Akaandika vipimo kwa penseli. Saa nne shemeji yake alipiga simu kutoka hospitali, na mlinzi wa getini ndiye aliyemletea habari kwamba mtoto amefariki.

Ilichukua miaka sita kuithibitisha njia ya nukta hiyo. Lilikuwa jiwe, asteroidi ya upande wa nje wa ukanda mkuu wa mawe yanayolizunguka jua, mbali kupita Mirihi, jeusi kama masizi. Mpima vioo aliandika barua ya mistari mitatu akiomba lipewe jina la bintiye. Mkurugenzi aliisoma amesimama. Akamweleza kwa upole kwamba mgunduzi ni kituo, na kituo ni yeye mkurugenzi, na mfadhili aliyejenga paa jipya ana mama mzazi ambaye hajawahi kupewa kitu cha kudumu.

"Lakini niliyeiona ni mimi, mzee."

"Uliiona kwa niaba yetu, mama."

Jina la mama wa mfadhili likachapishwa.

Aliye juu mngoje chini, husema watu. Mpima vioo hakuwa akimngoja yeyote, ila Jumatatu iliyofuata, saa kumi jioni, jiwe lilishuka uani kwake. Angani lilikuwa na upana wa kilomita arobaini. Uani lilitoshea kati ya karo la kufulia na kamba ya nguo, likaelea kimo cha goti juu ya saruji. Lilitoa baridi. Jirani yake, fundi cherehani, alichungulia juu ya ukuta akauliza kama litakaa sana, maana linamzibia jua na nguo zake hazikauki. Mpima vioo akasema hajui. Akalizunguka mara mbili, kisha akaliita kwa jina la bintiye, taratibu, kama anayemwamsha mtoto wa shule. Jiwe likageuka, likamsogelea. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaliwekea kiganja mpaka vidole vikafa ganzi.

Mkurugenzi alikuja na katibu wake na futi ya kupimia. Akaliita jiwe kwa jina lililochapishwa, mara ya kwanza kwa sauti ya ofisini, mara ya pili kwa kubembeleza. Halikutikisika. Mpima vioo akanong'ona lile jina lingine, likamjia. Katibu akaandika yote mawili. Mkurugenzi akamwambia afute la pili. Kutoitika si hoja, alisema, kwani watumishi wangapi huitwa wasiitike, na majina yao hayabadilishwi?

Mpima vioo akamfuata hadi mlangoni.

"Siku ile ulininyima ruhusa, sikusema neno. Nipe hili tu."

"Siku ipi?" mkurugenzi akauliza, na hakuwa akitania.

Mwezi uliofuata mafundi walipigilia kibao cha shaba getini kwa mpima vioo, chenye jina la mama wa mfadhili. Alhamisi ikawa siku ya wageni. Mpima vioo aliondolewa chumba cha vioo, akapewa barua ya kazi mpya: kufagia ua, kufungua geti, na kunyamaza wageni wawapo. Mama wa mfadhili mwenyewe aliletwa kwa gari, akalitazama jiwe, akasema lina baridi, akaomba arudishwe nyumbani.

Wanafunzi nao wakaja. Mwalimu alihesabu moja, mbili, tatu, wakaita kwa pamoja jina la kwenye kibao. Jiwe lilitulia tuli, limemwelekea mwenye ufagio. Mwalimu akamuuliza kama huwa linaitika.

"Kazi yangu ni geti, mwalimu," alisema, akaenda kulifungua watoke.