Aliyetajwa kwenye Santuri ya Mkondoa Jazz

Kwenye kibanda chake cha kaseti pale stendi ya Mikumi, Hildegarda alikuwa na santuri moja asiyoiuza wala kuiazimisha. Ilikuwa ya Mkondoa Jazz, bendi ya Kilosa iliyokufa zamani. Karatasi ya katikati iliandikwa jina la bendi na jina la wimbo, basi. Wapigaji hawakuandikwa hata mmoja. Lakini wimbo wenyewe ulitaja watu. Gitaa la solo lilipoanza kukimbia, mwimbaji aliita, "Koinet!" Na saksafoni ilipoingia akaita tena, safari hii kwa nguvu zaidi, "Emanueli! Lia, Emanueli!"

Emanueli alikuwa baba yake Hildegarda.

Mzee huyo aliishi na kinyongo kimoja: kwamba Lukasi, mpuliza saksafoni mwenzake, alichukuliwa na bendi kubwa za Dar es Salaam kwa sifa ya wimbo ambao hakuupuliza yeye. "Lukasi anakula kwa mdomo wangu," alikuwa akisema mezani, na watoto wakakua na chuki hiyo kama vile ni yao. Siku ya mazishi ya mzee, Lukasi alifika na saksafoni yake, amuage rafiki yake. Hildegarda ndiye aliyemfuata uani akamwambia, "Hapa hupulizi." Lukasi akafunga sanduku lake, akakaa na wengine mpaka kaburi likafukiwa.

Sasa ulikuwa mwaka tisini na nne. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, deki za kunakilia kaseti zilikuwa zinaingia kwa wingi kama mitumba, na mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam, Kornelio, alitaka kuutoa wimbo ule upya.

"Dada, kwenye kava nataka majina ya wapigaji wote," alimwambia. "Jumamosi napita."

Jina la baba lingechapishwa, na ubishi ungekwisha. Lakini Hildegarda hakuwa mtu wa kuandika kwa kukisia. Saksafoni na solo alikuwa nazo. Mpiga besi na mpiga drams hakuwajua, na aliyebaki hai wa kuwajua alikuwa Lukasi peke yake, ambaye uzee ulikuwa umemrudisha kwao. Akajikaza, akapanda basi la Kilosa.

Alimkuta nyuma ya nyumba yake, karibu na reli, akipukuchua mahindi.

"Shikamoo, baba." Neno lilimtoka kwa shida.

"Marahaba, mwanangu. Leo umenikumbuka!" Hakukuwa na kejeli. Akamsogezea kigoda.

Hildegarda alieleza shida yake, akawasha redio kaseti aliyokuja nayo, yenye nakala ya wimbo. "Wawili ninao, nataka waliobaki. Kwenye solo ni Koinet..."

Lukasi alicheka mpaka ungo ukamponyoka. "Koinet! Mungu wangu! Koinet alikuwa dereva wa lori letu. Gitaa alijua kulipakia na kulishusha tu!"

"Mbona ametajwa? Kwetu vijana wa Kimasai wanatamba naye."

"Waache watambe. Lori liliharibika gia, tukaenda kurekodi kwa treni, yeye akabaki analilinda. Bendi yetu ilikuwa na desturi hiyo: anayepiga si yupo? Ya nini kumwita? Tulimwita aliyebaki, akisikia redioni ajue hatujamsahau."

Kisha akamtazama Hildegarda usoni, na kicheko kikamwishia. Kwenye kaseti mwimbaji akaita:

"Emanueli! Lia, Emanueli!"

Lukasi alinyoosha mkono aizime redio. Hildegarda akaushika. Walisikiliza saksafoni mpaka mwisho.

"Baba alibaki," alisema Hildegarda.

"Jino. Shavu lilivimba mpaka jicho likafumba, angepuliza vipi? Nilimwomba mwimbaji amwite yeye kwa nguvu kuliko wote." Akawa anaokota punje chini. "Wimbo ulipoanza kupigwa redioni, watu sokoni wakawa wanampa mkono. Siku ya kwanza alicheka nao. Nikadhani kesho yake atawaambia."

"Na wewe ukanyamaza."

"Ni mimi niliyeomba jina litajwe. Ningemnyang'anya vipi?"

"Hata aliposema unakula kwa mdomo wake?"

"Watu wazima tunasemana, mama. Sikujua kwamba anawaambia na ninyi watoto. Nilijua siku ya mazishi."

Akamtajia mpiga besi, mpiga drams, na mpiga solo mwenyewe. Hildegarda akawaandika kwenye karatasi yake, penye saksafoni akaacha wazi. Lukasi aliona, akauvuta ungo wake.

Nyumbani Mikumi alimkuta mama yake, Raheli, akichambua mchicha.

"Mama, siku bendi inaenda kurekodi, baba alikuwa wapi?"

Mikono ya Raheli ilisimama. "Nani amekwambia?"

Hakuuliza ameambiwa nini. Hildegarda akakaa chini palepale mlangoni.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilimkanda mwenyewe kwa maji ya chumvi, nisijue? Kila mtu alikuwa anamsifia, Hilda. Ningeanzia wapi? Mwishoni hata yeye alikuwa anaamini."

"Nilimzuia mtu msibani. Ulikuwa unaniona."

"Nilikuwa nalia."

"Ulikuwa unaniona, mama."

Raheli akarudia mchicha wake. "Lukasi amepigiwa makofi Dar es Salaam yote. Huyu wangu alikuwa na hilo moja tu. Andika la baba yako."

Jumamosi Kornelio alipofika, Raheli alikuwa amekwisha kukaa kwenye benchi la kibanda, amevaa kitenge chake cha kanisani. Kornelio alipokea karatasi, akaisoma kwa sauti.

"Saksafoni mbona umeacha wazi? Si huyu anayeitwa, Emanueli?"

"Ni Lukasi," alisema Hildegarda. "Emanueli alibaki nyumbani."

Kornelio akaandika. Raheli alingoja kalamu itulie.

"Na marehemu umemwandika wapi, mwanangu?"

Kornelio alimgeukia Hildegarda. Hildegarda alikuwa ameinama, anaitoa santuri kwenye mfuko wake na kuifuta vumbi taratibu, tayari kwa kunakili.

"Mama," alisema bila kuinua kichwa, "baba ameitwa humu humu. Nipishe mwanga kidogo, nisije nikaikwaruza."