Ungo wa Mbele

Akwii alishika suke la wimbi, akalikata kwa kisu kidogo, akalitia kikapuni. Tangu asubuhi alikuwa amemaliza mistari mitatu. Kila alipoinua kichwa aliliona shamba la Nerima ng'ambo ya kijia, limegeuka kahawia lote.

Katika kigango chao, nje kidogo ya Malaba, mwanamke ambaye wimbi lake limeiva kwanza ndiye hubeba ungo wa wimbi jipya Jumapili ya mavuno. Hutangulia na ungo kichwani bila kuushika, hupiga magoti altareni, katekista Protus huonja punje, ndipo ngoma hulia na wanawake wote huzunguka kanisa wakifuata hatua zake. Akwii alikuwa ametangulia miaka sita. Jumapili ilikuwa keshokutwa.

Nerima aliolewa hapa majuzi tu, akitoka Funyula. Mwezi wa tatu alimletea Akwii mbegu ya wimbi linaloiva upesi, aliyoipata Tororo. Akwii alishukuru, kisha akawamwagia kuku.

"Dada, unavuna peke yako kama mtu ameiba?" Nerima alikuwa amesimama nyuma yake, kisu mkononi. "Wacha nikusaidie."

"Shamba ni dogo. Nitamaliza."

Nerima aliinama, mgongo wake umenyooka hata katika kuinama. Mgongo ule Akwii angeununua kwa ng'ombe. Siku ya mazoezi, ungo ulikaa juu ya kichwa cha Nerima kana kwamba umeota pale.

Nerima alichukua suke kikapuni, akaminya punje kwa ukucha. Maziwa yakatoka. Akaminya nyingine.

"Hii bado inanyonya, dada."

Akwii alijua. Alikuwa ameziminya mwenyewe alfajiri.

"Na Protus ataweka kwa mdomo, watu wote wakiona," Nerima alisema. Hakucheka. Angecheka ingekuwa afadhali.

"Sasa umekuja kunifundisha wimbi?"

"Hapana. Nimekuja uniambie vile unapiga magoti na ungo haimwagiki. Hakuna mwingine anajua."

Akwii alikata suke moja zaidi, polepole. Kunyamaza tu kungetosha. Punje za Nerima zingetawanyika sakafuni mbele ya kigango kizima.

"Goti la kulia ndilo linatangulia," alisema mwishowe. "La kushoto utamwaga."

"Na kuinuka?"

Akwii alifuta kisu kwenye leso. Mistari iliyobaki ilikuwa imesimama, mibichi.

"Kuinuka ni kesho," alisema, akabeba kikapu chake, akaelekea nyumbani.