Mto wa Maranda

Saa tisa na nusu alasiri, kwenye ubao wa zana wa karakana ya gereza, umbo moja jekundu lilikuwa tupu. Kila zana ilichorewa umbo lake. Hili lilikuwa la patasi nyembamba. Afande Muyunda, mkufunzi wa useremala, alifunga mlango kwa ndani.

"Vueni."

Wafungwa walivua. Hakuna kilichopatikana.

Aliyeitumia mwisho ni Liswaniso, ambaye kesho yake alikuwa afanye mtihani wa ufundi. Aliinoa mwenyewe, alijua inavyokata.

"Isipoonekana, karakana inafungwa," alisema Muyunda. "Mtihani hakuna. Na leo mtalala nayo huko ndani, sijui iko kwa nani."

"Bo Fundi," mfungwa mwenzake Nalumino alinong'ona nyuma ya Liswaniso, akimwita kwa heshima ya mzaha, "leo ulale na shati la bati."

Hakuna aliyecheka. Liswaniso akaipitia akilini kazi yake ya asubuhi: jeneza la mwalimu mmoja wa mji wa Senanga, lililochukuliwa na familia yake adhuhuri. Kama kawaida, alikumba maranda ya mezani kwa mkono, akayatia kwenye kitambaa na kushona mdomo kuwa mto, ili marehemu alaze kichwa kwenye maranda ya jeneza lake. Hakutazama alichokumba.

"Afande, nadhani imo kwenye mto wa marehemu."

"Unadhani?"

"Sikuiona ikiingia."

"Tukamwinue maiti kichwa, halafu isiwemo? Mimi kazi sina. Wewe wafiwa watakuua palepale."

"Twende, afande."

Msibani, Muyunda alichuchumaa, akapiga makofi ya heshima, akaeleza. Mubita, mdogo wa marehemu, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaitazama pingu ya Liswaniso.

"Huyu ndiye aliyemshonea kaka mto?"

"Ndiye."

Mubita aliingia ndani. Kilio cha wanawake kikakatika ghafla. Pingu ya Liswaniso ikalia.

Mubita alitoka na patasi mkononi, maranda yameng'ang'ania makali yake. Alimwendea Liswaniso moja kwa moja. Muyunda akashika rungu. Mubita akaigeuza patasi, akatanguliza mpini.

"Mshonee mwingine," alisema. "Ule nimeuchana."

Saa moja kasoro robo, Muyunda aliitundika patasi kwenye umbo lake.

"Mtihani saa mbili asubuhi," alisema bila kugeuka.

Mezani, Liswaniso alikuwa akichambua maranda kwa vidole, moja moja, kabla ya kuyatia kwenye kitambaa.