Kitanda cha Makokha

Jumanne moja ya mwaka wa 1978, saa nne asubuhi, Naliaka alikuwa akimpangusa mumewe jasho katika wodi ya wanaume, hospitalini Nakuru, degedege la saba lilipomshika. Kitanda kilitikisika, kikainua mguu wa mbele, kikapiga hatua.

Makokha, fundi wa garimoshi, alikuwa na siku tano za homa. Alianza kwa kumwita mkewe jina la dadake marehemu, kisha mwili ukakakamaa. Sindano za kutuliza hazikufua dafu.

"Ni virusi, mama," Daktari Praful alikuwa amemweleza jana yake. "Imeingia kwa ubongo. Kuna dawa ya kupigana nayo, na iko hapa hapa."

"Hapa wapi?"

"Kwa kabati ya wodi ya wakubwa, ile ya wabunge na matajiri. Msimamizi amekataa itoke."

Sasa kitanda kilikuwa mlangoni. Muuguzi Wangeci alisimama mbele yake na faili kifuani.

"Mama, kitanda haiwezi toka wodi."

"Si uiambie wewe," Naliaka akajibu.

Wangeci akakitazama, akasogea kando.

Kila degedege lilikipa hatua nne au tano. Likitulia, kitanda nacho kilipumzika, na Naliaka akamgeuza mumewe ubavu asipaliwe na mate. Walivuka ua, wakapita jikoni, wakapanda ngazi tatu. Saa nane kitanda kilijipanga kati ya mbunge mwenye jongo na mke wa mwenye shamba la pareto, kikatulia.

Msimamizi alifika akihema. "Mrudisheni!"

Wahudumu wanne walikishika, kikagoma. Naliaka akaketi ukingoni, akakunja mikono. "Mimi pia sitoki."

Daktari Praful hakungoja ruhusa. Alivunja kufuli la kabati, akatundika dripu. Ilitiririka kwa saa kumi na mbili kila siku, kwa siku kumi. Siku ya nne degedege likakoma. Siku ya tisa Makokha aliomba ugali, ingawa jina la mtoto wao wa mwisho halikumrudia tena.

Daktari alihamishwa. Kabati likapata makufuli mawili, na vitanda vyote vya wodi za chini vikafungwa sakafuni kwa bolti.

Jumatatu iliyofuata mwanamke wa Keringet aliletwa wodi ya wanawake akitetemeka kwa degedege, mamake akilia pembeni. Naliaka aliingia saa ya kuona wagonjwa, akatoa spana ndani ya kikapu, akapiga magoti kwenye bolti za kitanda.

"Nyamaza, mathe," alisema. "Shika hapa, tufungue."