Mama Hotuba Afupisha

Bungeni walimwita Mama Hotuba, maana akishika kipaza sauti hata saa ya ukutani husinzia. Siku hiyo muswada ulikuwa wake: kukaza vikwazo dhidi ya serikali ya kigeni iliyomfunga mkwe wake kwa kuandika ukweli, ili matajiri wa hapa wasiiuzie tena mafuta ya ndege za vita.

Wabunge marafiki wa matajiri hao walikuwa wengi. Alipoinuka tu, wakamiminika kantini.

"Tukanywe chai, jamani. Tukirudi atakuwa bado anasalimia!"

Akasubiri wa mwisho atoke, akakohoa. "Mheshimiwa Spika, anayemuuzia muuaji mafuta naye ni muuaji. Naomba tupige kura."

Akaketi.

Spika akatoa macho, akahesabu vichwa, akaona waliobaki wanatosha kupiga kura. Akauliza wanaoafiki. "Ndiyooo!" ikatikisa madirisha.

Wa kantini wakarudi mbio, makombo midomoni. "Dada, umetuchezea!"

"Poleni, kaka zangu. Si mlilalamika miaka yote kwamba sijui kufupisha?"

Juu, kwenye viti vya wageni, bintiye, mke wa yule mfungwa, alikuwa amesimama, analia na kupiga vigelegele, na askari wa Bunge hakuthubutu kumnyamazisha.