Mita Tisa za Noel Trezise

Noel Trezise alikuwa amechoka hata kabla ya kuvua koti akimbie. Zamani, chuo kikuu kule Melbourne, alikimbia mita mia kwa sekunde kumi na nusu, na watu asiowajua walimwita kwa jina. Kisha baba yake akaugua, Noel akarudi mjini kwao Marradoon kushika ofisi yake ya uhasibu, na mbio za sakafuni zikaishia ukingoni. Sasa alikuwa na miaka thelathini na minane, goti bovu, na hamu moja tu: kuvaa utepe wa bluu wa mshindi wa mbio za Pasaka, Clarrie Pettifer akiwa bado hai auone.

Clarrie, muuza nyama mstaafu, ndiye aliyemfundisha kukimbia tangu shuleni. Kifua chake kilikuwa kimekwisha. Daktari hakumwahidi Pasaka nyingine.

Mbio za Marradoon hazianzii mstari mmoja. Mwepesi huwekwa nyuma kabisa, mzito husogezwa mbele, na mgawa mita huamua kila mtu aanzie wapi, kwa jinsi alivyomwona akikimbia msimu mzima. Kwa hiyo mkimbiaji mwenye akili huficha mguu: hukimbia chini ya uwezo wake msimu mzima ili asogezwe mbele. Ni udanganyifu, kila mtu anaujua, na hata mchungaji wetu aliwahi kuufanya. Noel, ambaye kazini hakuwahi kutia saini tarakimu ya uongo, alificha mguu misimu miwili mizima, akimaliza wa sita, wa saba, mara nyingine wa mwisho kabisa.

"Unabakiza kiasi gani?" Clarrie alimuuliza kila Jumanne alfajiri, saa ya kuhesabia muda ikiwa mkononi.

"Cha kutosha, mzee."

Pasaka hiyo wakamsogeza mbele mita tisa. Clarrie alipoisoma orodha ukutani alicheka mpaka akakohoa.

Saa tisa alasiri wakimbiaji wakajipanga kwenye nyasi kavu, kila mmoja kwenye alama yake. Gav wa gereji alikuwa kwenye uzio, mchuzi wa nyanya kidevuni.

"Mhasibu, kalamu umeisahau sikioni. Itakupunguzia mwendo."

"Wewe tafuna tu, Gav. Hicho kitambi nacho kingepewa mita zake."

Watu wakacheka. Bastola ikalia.

Aliondoka vizuri. Katikati ya njia akawapita wawili, akasikia vishindo vya wale wepesi wakija nyuma, akajiambia: sasa. Akauita ule mguu aliouficha miaka miwili. Haukuja. Akauita tena kwa meno na mabega, na mwendo ukabaki ule ule wa msimu mzima, ule alioudhani wa kuigiza. Vijana wakampita kulia na kushoto. Akamaliza wa tano.

Aliinama, mikono magotini. Aliona aibu, na chini ya aibu uchovu wa miaka mingi ulikuwa ukimngoja.

Clarrie alikuja polepole akishika kamba ya uwanja, uso unang'aa.

"Mjanja wewe," alinong'ona. "Hata mimi karibu unidanganye. Mwakani watakupa kumi na mbili, halafu tuwaoneshe."

Ilikuwa rahisi kuitikia. Mzee angelala na furaha, na mwakani huenda asingekuwapo wa kudai. Noel alimtazama yule mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kwa ajili yake, licha ya kifua kile.

"Sikuficha kitu, mzee. Nguvu zangu zote ndizo hizo."

Clarrie akaiangalia saa yake ya kuhesabia muda. Kisha akaivua shingoni na kuitia mfukoni.

"Tangu lini?"

"Sijui. Nilidhani naficha."

"Basi Jumanne usije uwanjani," Clarrie alisema. "Lala, mwanangu."

Miaka yote ile Noel alikuwa akiitamani ruhusa hiyo bila kujijua. Alipoipata, akakaa chini kwenye nyasi. Clarrie, kwa shida kubwa, akakaa kando yake.