Mlango wa Bedford

Hebu niambie wewe: ungelitazama kwa macho gani lori lililomuua mumeo, likivishwa mlango mpya ili mwanao wa pekee aliendeshe?

Zipora alilitazama kwa macho makavu. Kila asubuhi alifunga ugali wa uwele na mlenda kwenye kitambaa, akaenda Chang'ombe kwenye gereji ya fundi Batholomeo, akaketi juu ya tairi kuukuu. Watu walidhani anampelekea fundi chakula tu.

Lile Bedford la zamani lilikuwa juu ya mawe, halina magurudumu. Lilipotumbukia korongoni, njia ya Chemba, upande wa dereva ulikunjamana kama karatasi. Wachungaji waliukata mlango kwa shoka ndipo wakampata Matonya, mume wa Zipora, na alikwisha kupoa.

Batholomeo aliunda mlango mwingine kwa bati jipya. Aliligonga polepole juu ya kipande cha reli, akachomelea, akapaka puti ya kuziba mabonde, akapiga msasa, kisha akapitisha kiganja akiwa amefumba macho, kama mama anayepapasa paji la mtoto mwenye homa. Mwisho akapaka rangi ya buluu, ileile ya mwanzo. Aliporudisha mlango, ukaingia taratibu mahali pake.

"Umesikia, Mama Denis? Hata mwizi hawezi kuufunga kwa upole hivyo!"

"Nimesikia, fundi."

Mchana Denis alifika na magurudumu. Wakayafunga, wakashusha jeki, wakaondoa mawe. Lori likalia kwa sauti ya chini, likakaa. Batholomeo alipousukuma mlango, kona ya chini ikagota kwenye nguzo ya mlango. Juu pakabaki mwanya wa kuingia kidole gumba.

Fundi akachuchumaa, akavua kofia.

"Kosa langu. Nimepima likiwa juu ya mawe. Chesesi imechoka hii, huu uti wa mgongo wa lori; likikanyaga chini linajipinda. Lori hupimwa limesimama kwa miguu yake."

Zipora akajifunika mdomo kwa kanga. Moyoni alisema asante Mungu, na papo hapo akaona aibu.

"Gonga tu, fundi," Denis alisema. "Kesho napakia alizeti."

"Nigonge nini, wewe? Puti yote itabanduka kama ukoko! Nipe wiki, nianze upya."

"Wiki? Wenye mzigo watatafuta gari jingine." Denis akaokota spana. "Basi nautoa. Naenda bila mlango, napunga upepo kama mbunge."

Akacheka peke yake. Boliti ya kwanza ya bawaba ikalegea.

Zipora akasimama. Akaona moyoni lile tundu wazi, na kiti, na barabara ikipita chini yake. Akamshika mwanawe mkono wenye spana.

"Mama, niache. Tutakula nini?"

"Tutalima vibarua. Tutakula mlenda mtupu. Denis, nisikilize, na wewe fundi unisamehe. Chakula nilicholeta hapa nilileta na dua mbaya. Nilikuwa namwomba Mungu kazi hii ishindikane. Sikutaka mlango mzuri, sikutaka rangi. Nilitaka hili lori likatwe vipande, liuzwe chuma chakavu, wewe usikanyage ndani yake hata siku moja. Hicho ndicho nilichotaka tangu tumzike baba yako."